Mashabiki, Tunzo na Mkono wa Tatu

Wako watu wadhanio kwamba mahaba makubwa ambayo vijana wa leo huwaonyesha watengenezaji wa video za mtandaoni ni jambo lililozaliwa pamoja na simu ya mkononi, na kwamba kabla ya hapo mtazamaji alikuwa akikaa kimya kitini, akisikiliza kwa adabu, akipiga makofi mwishoni na kwenda zake. Yamkini ilikuwa hivyo katika majumba ya tamthilia ya Ulaya. Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki haikuwa hivyo hata siku moja. Huku kwetu hadhira ilikuwa nusu ya mchezo wenyewe: iliingia uwanjani, ilitoa mali yake, ilichagua upande, ikautetea upande huo kwa maneno na pengine kwa mikono, na msanii asiyekuwa na kundi la kumtetea alihesabiwa kuwa ni mtu apigaye kelele tu. Atakaye kufahamu kwa nini kijana wa Mbagala hulimaliza bando lake la mwisho akimpigania mchekeshaji ambaye hajapata kuonana naye, na aziache kwanza habari za mitambo, arudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, autazame mchezo wa beni.

Beni ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikiwa ni ngoma iliyoiga gwaride na bendi za askari wa Kizungu pamoja na sare na vyeo vyao, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuteremka Tanga na Dar es Salaam, kisha nyayo za askari na wapagazi zikaichukua hata bara. Lakini roho ya beni haikuwa ngoma, ilikuwa ushindani. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi. Tanganyika iligawanyika baina ya Marini, ambako walijikusanya makarani na wale waliojiona waungwana, na Arinoti, ambako waliingia wachukuzi na watu wa kazi za mikono. Kila upande ulikuwa na wakuu wake, mavazi yake na michango yake ya lazima, na mtu hakusema kwamba anapenda kuwatazama Marini, bali alisema kwamba yeye ni Marini. Wanawake wa Mombasa nao, katika vyama vya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada, walishindana kwa nguo, karamu na maandamano hata baadhi yao wakatumia mali isiyorudi, madhali upande wa pili ushindwe kujibu. Wanazuoni walikemea israfu hiyo, serikali ya kikoloni ikataka ngoma ziombewe vibali, na ushindani ukaendelea vile vile.

Taarabu ilikuja kwa njia nyingine, ikaishia pale pale. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, ndiye atajwaye kuwa alileta wanamuziki kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo kujifunza fani hiyo, na kwa muda mrefu taarabu ilibaki kuwa ya lugha ya Kiarabu na ya watu wa makasri. Hata chama cha Ikhwan Safaa kilichoundwa mwaka 1905 kilikuwa ni cha mabwana wa mjini. Aliyeifikisha kwa umma ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, binti wa wafinyanzi, aliyekuwa akiuza vyungu kabla hajahamia mjini mwaka 1911 na kufunzwa uimbaji. Siti aliimba kwa Kiswahili habari ambazo watu wa mitaa ya Ng'ambo walikuwa wakizinong'ona mchana: kesi za mahakamani, dhuluma za wakubwa, mauaji ya mwanamke mmoja ambayo wimbo wake wa Kijiti ungali wakumbukwa. Mwaka 1928 yeye na wenziwe walivuka bahari hadi Bombay, wakarekodiwa na Gramophone Company, na katika miaka michache santuri za Kiswahili za wakati ule zikauzwa kwa makumi ya maelfu, tangu Lamu hata ndani kabisa ya bara. Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake aliona heshima ya mwanamke aliyepanda kutoka chini, na ni haki yake kuona hivyo. Mimi katika safari ile ya Bombay naona pia jambo la biashara, ambalo halikutajwa sana. Kwa mara ya kwanza sauti ya mtu wetu ilitengana na mwili wake ikaenda kupendwa na watu wasiomwona, na kwa mara ya kwanza baina ya msanii na mpenzi wake ulisimama mkono wa tatu, nao ni kampuni, iliyopokea fedha ya mpenzi ikampa msanii kile ilichoona kinafaa.

Thamani ya badiliko hilo haitambulikani ila kwa ajuaye kutunza. Aliyehudhuria taarabu ya harusi Unguja, Tanga au Mombasa ajua kwamba fedha haitolewi mwishoni kama ujira, wala haitolewi ovyo. Bibi mmoja huinuka kitini pake katikati ya wimbo, noti ameishika kwa ncha za vidole juu ya kichwa, akenda mbele kwa madaha akiufuata mdundo, akapita makusudi mbele ya yule ambaye maneno yale yamhusu, kisha akamfikia mwimbaji, akamtia noti mkononi au akambandika pajini, akarudi kwa njia ile ile ili aonekane mara ya pili. Ubeti alioinukia ndio ujumbe wake. Hakutamka neno liwezalo kupelekwa kwa kadhi, lakini ukumbi mzima umekwisha kusikia kwamba mke mwenza, jirani, au shoga aliyevunja siri amejibiwa. Mwimbaji mwenyewe huenda hamjui hata mmoja wao, na mtunzi aliyeyatunga maneno huenda alikuwa na kisa chake kingine kabisa. Mtoaji ndiye aliyempa wimbo huo mtu wa kumchoma. Kwa hiyo tunzo haikuwa sadaka kwa msanii, wala haikuwa bei ya kiingilio, maana kiingilio kilikwisha lipwa mlangoni. Ilikuwa ni bei ya kuiazima sauti ya msanii kwa dakika moja mbele za watu. Fedha hiyo iliingia kifuani mwa mwimbaji au kapuni mwa chama, nayo haikupita penginepo.

Basi si ajabu kwamba vyama navyo vilijifunza kuishi kwa magomvi ya mashabiki. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star, na Dar es Salaam ya miaka ya 1990 ikashuhudia Tanzania One Theatre ya Khadija Kopa na Muungano ya Nasma Khamis zikirushiana mipasho, wimbo kwa wimbo, huku mashabiki wakihama kutoka ukumbi huu kwenda ule ili wakasikie upande wao umejibu nini. Muziki wa dansi ulikuwa na ushindani wake wa bendi za Sikinde na Msondo, na mpira ukawa na ya kwake ambayo hayahitaji kuelezwa na mtu.

Redio ilipokuja, mkono wa tatu ulibadili sura. Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zilianza mwaka 1951, na kwa muda usiokuwa mrefu wasikilizaji wakavumbua jambo ambalo naliona kuwa ndilo babu wa kweli wa maoni yaandikwayo chini ya video: kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika jina lake na mahali alipo, kisha akajaza orodha ya ndugu, rafiki na watu wasiomjua, akaipeleka posta, akangoja wiki kadhaa kulisikia jina lake likisomwa. Wako waliotuma kadi nyingi hata majina yao ya utani yakajulikana nchi nzima kuliko majina ya watangazaji. Wakaundiana vyama, wakatembeleana, wakachangiana katika harusi na misiba, wote wakiwa wamejuana kwa redio tu. Idhaa za mbali zilipopata Kiswahili, BBC mwaka 1957 na Deutsche Welle mwaka 1963, vyama vya wasikilizaji viliota nazo hata vijijini. Kenya palikuwa na Leonard Mambo Mbotela, ambaye kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilianza mwaka 1966 na kikawalea watu wa vizazi viwili au vitatu. Mapenzi yalikuwa makubwa, barua zilikuwa nyingi, lakini katika yote hayo fedha ya shabiki iliishia kwenye kadi na stempu, wala haikumfikia mtangazaji. Ni kipindi kirefu katika historia yetu ambacho watu walipendwa sana bila kutunzwa.

Picha za kutembea zilichelewa. Televisheni ya Zanzibar, iliyoanza mapema katika miaka ya 1970 na kuwa ya rangi wakati nchi nyingi za Afrika hazina hata isiyokuwa na rangi, ilibaki kuwa fahari ya visiwani, na Tanzania Bara ikangoja hata mwaka 1994. Katika pengo hilo vikazaliwa vibanda umiza, vyumba vya joto vyenye mabenchi na kanda za video, na ndani yake akazaliwa mtu ambaye wanahistoria wa sanaa zetu hawajampa haki yake: msimulizi. Maarufu kuliko wote Dar es Salaam alikuwa Lufufu, aliyefuata fani ambayo Waganda walikuwa wameitangulia, ya kuzifasiri filamu za Kimarekani, Kihindi na Kichina kwa sauti yake mwenyewe juu ya sauti za waigizaji. Lufufu hakufasiri tu. Alieleza, alichekesha, alimkaripia mhusika mjinga, alimwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na mahali ambapo filamu ilizungumza na Wamarekani yeye aliigeuza izungumze na watu wa Manzese. Watu wakaanza kuuliza dukani si filamu ya nani, bali ni ya Lufufu au si ya Lufufu. Vijana wa leo wakaao mbele ya simu wakicheka na kuitolea maneno video ya mtu mwingine, na kupata wafuasi kwa kazi hiyo, wanafanya kazi ya Lufufu bila kujua kwamba kuna mtu aliyewatangulia katika kiti hicho.

Wachekeshaji nao walipita njia hiyo ya kanda. Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana kwa jina la King Majuto, alitoka majukwaani akaingia katika filamu fupi za santuri za DVD zilizouzwa barabarani, na alipofariki Agosti 2018 yasemwa kwa haki kwamba hapana Mtanzania ambaye hakupata kucheka kwa ajili yake. Kundi la Ze Comedy, lililoanzia EATV kisha likahamia TBC kwa jina la Orijino Komedi, liliwapa watu Joti, Masanja na wenziwao. Na kiasi cha ushabiki wa zama za DVD kilionekana Aprili 2012, alipozikwa Steven Kanumba, mwigizaji ambaye watu wengi mno katika umati ule wa Dar es Salaam walikuwa wamemjua kwa kioo tu na hata hivyo walilia kama waliofiwa na ndugu wa tumbo moja. Wauzaji wa nakala za wizi walikuwa wamekula sehemu kubwa ya jasho la Kanumba na wenziwe; mkono wa tatu wa wakati ule haukuwa hata na anuani.

Katika mwaka 2009 waya mbili za chini ya bahari ziliifikia pwani yetu: ya SEACOM, na ile ya TEAMS iliyolazwa kutoka Fujairah hadi Mombasa, katika maji yale yale ambayo majahazi ya kusi na kaskazi yaliyapita kwa karne nyingi. YouTube ilikuwa na umri wa miaka minne. Video yake ya kwanza, ya sekunde 19, iliyomwonyesha kijana mmoja akisimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, iliwekwa tarehe 23 Aprili 2005, na mwaka uliofuata Google iliinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 1.65. Kwetu ilikuwa bado ni kitu cha mikahawa ya intaneti, ambacho picha zake hukatika kila dakika. Bei ya intaneti ilipoanza kushuka na simu za bei nafuu zikaenea, watu waliokuwa na mashabiki walihamia huko pamoja na mashabiki wao, na wasiokuwa nao wakaenda kuwatafuta.

Nasaba haijawahi kuonekana wazi kama katika nyumba ya Khadija Kopa. Mama, aliyekulia katika taarabu ya Unguja kabla ya kuvuka kwenda bara, alitunzwa kwa noti za mkononi. Bintiye Zuhura, aitwaye Zuchu, alitambulishwa na lebo ya Wasafi Aprili 2020, na wanaomfuata katika YouTube wamepita milioni. Mwenye lebo, Diamond Platnumz wa Tandale, katika mwaka ule ule video zake zilikuwa zimekwisha kutazamwa jumla ya mara bilioni 1, na kwa miaka mingi kabla ya hapo mashabiki wake na wale wa Ali Kiba walikuwa wakijiita timu na kusumbuana mitandaoni kwa namna ambayo mzee wa Marini angeielewa bila ya kufafanuliwa. Kenya, Azziad Nasenya alijulikana nchi nzima kwa video moja ya kucheza wimbo wa Utawezana mwezi Aprili 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani na Korona, na Njugush alikuwa tayari amekifanya kicheko cha nyumba ya mume na mke kuwa kazi ya kila siku.

Lakini anishangazaye zaidi ni Kili Paul, kijana wa Kimaasai wa Mkoa wa Pwani, ambaye mwishoni mwa mwaka 2021, akiwa na dada yake Neema, alisimama mbele ya simu katika mavazi ya kwao akazifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi. Februari 2022 ubalozi wa India mjini Dar es Salaam ulimwalika na kumtunuku, na Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao katika hotuba yake ya redio. Siti alikwenda Bombay ili sauti yake irudi pwani. Huyu hakutoka kijijini kwao, na sauti za Bombay zikaja kupita katika kinywa chake kwanza ndipo zikarudi kwa wenyewe na kuwafurahisha upya. Ndio ufundi wa Lufufu uliogeuzwa nje ndani, kwa kuwa Lufufu aliifuta sauti ya mgeni akaweka yake, na Kili Paul ameiacha sauti ya mgeni akaweka uso wake.

Sasa niuseme mkono wa tatu wa zama hizi, ambao una mambo mawili yasiyokuwa kwa watangulizi wake. La kwanza, unahesabu. Kampuni ya santuri ilijua imeuza santuri ngapi, lakini haikujua ni ubeti gani uliomwinua msikilizaji; YouTube na TikTok hujua ni sekunde ipi mtu aliyochoka akaondoka, na hesabu hiyo humrudia mtengenezaji naye hukata na kushona kazi yake kuifuata. La pili, unagawa kwa kanuni iliyoandikwa na upande mmoja. Tangu mwaka 2018 YouTube ilitaka mtu awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla hajaanza kupata chochote katika matangazo, na afikiapo hapo hupewa asilimia 55. Hata tunzo yenyewe imeingizwa humo: mwaka 2017 kampuni hiyo ilianzisha njia ya mtazamaji kulipa ili maneno yake yang'ae juu ya maneno ya wengine wakati wa matangazo ya moja kwa moja, na katika malipo hayo msanii hupata asilimia 70. TikTok nayo ina maua na wanyama wa kuchora wanunuliwao kwa fedha halisi na kurushwa kioo kizima kikaona. Bibi wa Unguja hapa angetambua mara moja kinachouzwa, nacho ni kuonekana. Angeuliza tu hizo asilimia 30 zimekwenda kwa nani, ambaye hakuimba wala hakupiga ngoma.

Kitu kimoja kimepotea katika safari hii, nami nakisikitikia. Mpasho wa taarabu ulihitaji usanii kwa sababu mpashwaji alikuwa amekaa safu ya pili, na matusi ya wazi yangeleta fujo na aibu kwa mwenye harusi. Kwa hiyo watu walinoa mafumbo, wakatafuta tamathali, wakatia sumu ndani ya ua. Atukanaye kwa jina la bandia, akiwa chumbani kwake, hana haja ya tamathali yoyote, na maneno yaandikwayo chini ya video za wasichana hasa ni machafu kuliko yote yaliyopata kuimbwa katika ukumbi wa ngoma wa pwani. Msanii naye amejizungushia walinzi wa maneno, waitwao chawa kwa lugha ya mjini, ambao kazi yao ni kumsifu bwana wao mchana kutwa na kuwashambulia wapinzani. Na zamani sifa hiyo ilipaswa angalau iwe na vina.

Dola haikukaa pembeni. Wakoloni waliodai kibali cha ngoma walikuwa na hofu ya makundi yasiyokuwa na bwana, na hofu hiyo ilirithiwa pamoja na majengo. Mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu au chaneli ya video aombe leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na ada zake zilipojumlishwa zilifika kiasi cha shilingi milioni 2.1, fedha ambazo kijana anayejirekodi kwa simu ya kuazima hakuwa nazo. Baadhi walizima chaneli zao, wengine walijificha, kanuni zikarekebishwa mwaka 2020 na tena 2022. Kenya ilishika njia ya hazina badala ya njia ya leseni: muswada wa fedha wa mwaka 2023 ulitaka asilimia 15 ya malipo ya mtengenezaji wa maudhui, wenyewe wakapiga kelele katika video zile zile zilizokuwa zikitozwa, na sheria ilipopita ikawa asilimia 5, ikatwayo na yule alipaye kabla fedha haijamfikia mlipwaji. Kibakiacho baada ya kampuni na hazina hugawanywa baina ya mtengenezaji, mpiga picha wake, mhariri wake na chawa wake, na aghalabu ugomvi huanzia hapo.